Mursik Niliyokunywa Kiptere

Shule niliachia darasa la nne, na chai nilichuma mpaka mgongo ukakataa. Hii kazi ya kutembelea nyumba zenye shida niliingia kwa kujitolea, mwanaume peke yangu kati ya akina mama. Walinicheka: "Mzee, wewe utabembeleza nani?"

Nikatumwa Kiptere kwa mama ambaye majirani walisema amevunjwa mkono na bwanake. Akikubali kusema, tulikuwa tumtoe pale. Bwana akanipa kiti chake na mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, na yalikuwa yameiva vizuri, siwezi kudanganya. Akasema, "Afadhali wameleta mwanaume. Wale wanawake wamenichosha." Nikacheka naye kidogo, nikidhani nampoza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni akituangalia. Nilipomuuliza habari ya mkono alisema, "Nilianguka, mzee."

Wiki iliyofuata wenzangu walienda, akakataa kuwafungulia. Aliwaambia kwa dirisha, "Si mlishatuma rafiki yake?"

Mpaka leo yuko kwa hiyo nyumba. Mimi niliacha kazi, nikarudi kwa ng'ombe zangu.