Mfungua chaza aliyewauliza wagombea wawili swali moja

Kisu kinaingia pembeni mwa chaza, kinazungushwa kidogo, ganda linaachia. Lempi Kivela anakata nyama, anaidondosha kwenye ndoo, anachukua chaza mwingine. Ni Ijumaa kabla ya uchaguzi, nje bado giza, na maji yanayotiririka chini ya meza za karakana hii ya Tarlow Bay, pwani ya Washington, ni ya baridi kiasi cha kufisha vidole ndani ya glavu.

Bosi wake, Gunnar Tveit, anapita kati ya meza akiwa na kikombe cha kahawa. Anasimama nyuma yake.

"Shemeji, karatasi yako ya kura umeshaijaza?"

"Bado, bosi. Unajua sisi tunajaza Jumapili."

"Basi hiyo Jumapili unisemee vizuri."

"Nitasoma ulichosema."

Gunnar anacheka, lakini cheko lenyewe linakatika njiani. Akishatoka, Socorro Ibáñez, anayefungua chaza meza ya pili, anamwegemea mwenzake. "Wewe mwanamke, kazi huitaki tena? Sema tu nikurithi hiyo meza, iko karibu na hita."

Lempi anafungua chaza mwingine. Ana miaka hamsini na minane, na thelathini kati ya hiyo ameimalizia hapa, akilipwa kwa uzito wa nyama anayoitoa. Wiki nzuri humpa dola mia saba. Bima ya matibabu ya mumewe nayo inatoka hapa hapa.

Katika jimbo hili hakuna foleni ya kura. Karatasi huja nyumbani kwa posta wiki kadhaa kabla, mtu anajaza, anasaini bahasha, anaitumbukiza kwenye sanduku mbele ya maktaba. Ndiyo maana majirani wa Barabara ya Bwawani walijitungia desturi yao. Jumapili ya mwisho wanakutana mezani kwa Socorro, kila mmoja akiwa na karatasi yake tupu. Siku nyingi kabla, wameshaokota vijikaratasi kutoka kwenye kofia, na kila aliyeokota nafasi moja ya uongozi ana wajibu wa kuwapigia simu wagombea wake wote, kuwauliza swali lile lile, na kuja kuwasomea wenzake majibu kwa maneno ya wagombea wenyewe. Haruhusiwi kusema yeye anamtaka nani. Na mtu hajazi kabla ya meza. Anayejaza mapema wanamhesabu kama aliyekula kabla ya wageni.

Mwaka huu Lempi aliokota kiti cha bodi ya hospitali ya wilaya. Alipokifungua kile kijikaratasi alitamani ardhi ipasuke.

Socorro alijitolea kubadilishana naye. "Nipe mimi hospitali, wewe chukua bandari. Bandari haina ugomvi."

"Mkono wangu ndio uliookota," Lempi alimjibu, "acha nikae nacho."

Sababu ya kutamani ardhi ipasuke ni Arvo, mumewe. Arvo alikuwa mvunaji chaza, mtu wa kusimama kwenye tope la ghuba kutwa nzima. Figo zake zilipokufa, maisha yake yakahamia kwenye kiti kimoja cha hospitali ile ndogo, ambako mashine humsafisha damu mara tatu kwa wiki. Mashine hizo zinaitia hospitali hasara. Wajumbe wanne wa bodi wamegawanyika, wawili wanataka ziondolewe na wawili wanataka zibaki. Kiti cha tano ndicho kinachogombewa. Hospitali nyingine yenye mashine kama hizo iko mjini, maili tisini, ng'ambo ya milima ambayo theluji huifunga inapojisikia.

Wagombea ni wawili. Mmoja ni Gunnar, mwana wa ghuba, rafiki ya Arvo tangu ujanani, mwenye mabango katika kila ua. Mwingine ni Corinne Aldous, mhasibu mstaafu aliyehamia kutoka Seattle na vijibwa vyake vinne, na ambaye hapa karakanani hawamwiti jina lake. Wanamwita Mama Mbwa.

Lempi alianza na Gunnar. Alipanda ofisini kwake saa ya chakula na kumuuliza kama ilivyoandikwa: ukichaguliwa, utapiga kura mashine za kusafisha damu zibaki au ziondolewe?

"Hospitali yetu naipenda, shemeji. Nilizaliwa pale."

"Sijakuuliza ulizaliwa wapi, bosi."

Gunnar alisukuma sahani yake pembeni. Halafu, haki yake tumpe, alisema kweli. "Ziondolewe. Zinaila hospitali. Zikibaki, miaka michache ijayo hata chumba cha dharura kitafungwa, na hapo tutakufa wote, si wenye figo tu. Wagonjwa tutawawekea basi la bure mpaka mjini."

Lempi aliandika. Gunnar akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini usiisome hivyo. Anza na basi."

Jioni ile ile alimpigia Corinne Aldous, vijibwa vikibweka nyuma ya simu. "Zibaki," alisema mama yule bila kuzunguka. "Na usinifichie mezani kwenu. Ili zibaki, nitapandisha kodi ya nyumba na ya mashamba ya chaza. Majirani zako watanichukia."

"Wameshaanza, mama," Lempi alimwambia, na wote wawili wakacheka.

Jumapili ilipofika, kwa Socorro kulikuwa na supu ya chaza, kahawa na mkate wa iliki alioupika Lempi mwenyewe. Walisomewa habari za bandari, za shule, za mkaguzi wa mahesabu. Watu walitaniana, waliulizana maswali. Zamu ya hospitali ilipowadia, vijiko vikatulia.

Lempi alisoma jibu la Gunnar lote, kwanza mashine, kisha basi. Akasoma la Corinne lote, mashine pamoja na kodi.

Dwight Purcell, dereva wa lori la chaza, ndiye aliyeanza kusema. "Gunnar hawezi kusema hivyo. Samahani, dada Lempi, lakini una mgonjwa nyumbani. Umeliweka unavyotaka wewe."

"Mimi mwenyewe kodi ikipanda nahama," alisema Socorro, "lakini huyu hajawahi kutudanganya hapa."

"Simu hiyo hapo," Lempi alimwambia Dwight. "Mpigie."

Dwight alipiga, akaweka spika, akaiweka simu katikati ya meza karibu na siagi. Gunnar aliitikia kwa bashasha. Dwight akamuuliza.

"Ndiyo, nilisema," alikubali. "Arvo yupo hapo?"

"Nipo," alisema Arvo.

"Ndugu yangu, basi litakuja mpaka mlangoni kwako. Siku ambazo haliji, nitakuja mimi. Unanijua."

"Nakujua."

"Basi tuko pamoja?"

Arvo aliutazama mkono wake wa kushoto, ule wenye mshipa uliovimba mahali sindano zinapoingia. "Kura yangu umeshaipata, Gunnar. Niliitumbukiza Alhamisi."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Miaka yote ya meza ile, hakuna aliyewahi kujaza mapema, na aliyeanza alikuwa mume wa mwenye kusoma, na alikuwa amepigia kura kuondolewa kwa mashine inayomweka hai. Lempi aliinuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vingi vilikuwa bado na chakula.

Nyumbani walirushiana maneno ambayo hawajarushiana tangu waoane.

"Ungeningoja siku tatu tu, Arvo! Siku tatu!"

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi bila kumuuliza atafanya nini!"

"Mtu amekupeleka hospitali majira yote ya baridi, barabara ni barafu tupu, mkeo yuko kazini. Huyo unamuuliza nini?"

Na hilo ni kweli. Gari la Gunnar ndilo lililombeba Arvo msimu mzima uliopita, na kwa kila safari Gunnar alikataa hata kikombe cha kahawa. Lempi alilia jikoni kwa hasira na kwa shukrani kwa pamoja, na anakiri kwamba mpaka leo hajui ipi ilikuwa kubwa.

Matokeo ya awali yalitangazwa Jumanne. Mama Mbwa alikuwa mbele kwa kura unazoweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Zilisalia bahasha kadhaa zilizozuiwa kwa sababu saini zake hazikufanana na zilizomo kwenye rekodi. Wenyewe walipigiwa simu waje wasaini upya, la sivyo kura zao hazitahesabiwa.

Bahasha ya Arvo ilikuwa mojawapo. Aliisaini juu ya boneti la gari, ametoka tu mashineni, mkono ukimcheza.

Habari ilifika karakanani kabla ya saa ya chakula. Socorro alimvuta Lempi nyuma ya mapipa ya maganda.

"Mungu kakuonea huruma, mwenzangu. Mumeo haendeshi gari. Wewe usimpeleke, basi. Sema gari bovu. Ficha funguo."

"Halafu mwakani nije mezani kwako nikusomee nini?"

"Meza na mume, kipi kikubwa?"

"Usiniulize hivyo, Socorro." Na hapo, anasema Socorro, mwanamke aliyefungua chaza miaka thelathini bila kujikata alijichoma kiganjani kwa kisu alichokuwa bado amekishika.

Asubuhi ya Alhamisi iliyofuata, Lempi akiwa na bandeji mkononi, gari la Gunnar liliingia uani. Orodha ya waliozuiwa iko wazi kwa wagombea, na Gunnar alikuwa akiwazungukia watu wake mmoja mmoja. Arvo alikuwa tayari kavaa koti, kaketi kwenye kiti cha barazani.

"Nimekuja kumchukua ndugu yangu tukasaini," alisema Gunnar. "Wewe uwahi kazi, shemeji."

"Shuka garini kwanza, bosi, ukitaka kunisemesha kwangu."

Gunnar alishuka. Lempi anasema hapo ndipo alipoogopa kweli, kuliko siku zote za jambo hili. Ajira yake, bima ya mumewe na ile shukrani ya majira ya baridi, vyote vilikuwa vimesimama mbele yake vimevaa kofia.

"Umembeba mume wangu na sitasahau mpaka naingia kaburini," alimwambia. "Lakini kura yake haiendi kwenye gari lako. Akitaka kusaini nitampeleka mimi. Asipotaka, atabaki hapo hapo kwenye kiti. Si wewe, si mimi."

"Utampeleka kweli? Wewe?"

"Mimi."

Gunnar alimtazama Arvo. Arvo aliinua mkono kidogo, kama mtu anayemwambia mwenzake aende tu. Gari likageuka, likaondoka. Mpaka gazeti hili linakwenda mitamboni, Lempi bado ana kazi yake, na Gunnar bado anapita kati ya meza na kahawa, ila hasimami nyuma yake.

Asubuhi ile, gari lilipoondoka, Lempi aliuliza mara moja tu, "Unataka kwenda?"

"Nataka."

"Ulisikia nilichosoma Jumapili. Ulimsikia mwenyewe kwenye simu."

"Nilisikia, mke wangu. Ningesikia kabla, labda ningejaza vingine. Lakini niliijaza mimi, kwa akili yangu, na nilimwambia mtu. Sitaki iokolewe na mkono uliotetemeka."

Lempi aliwasha gari. Safari ya kwenda ofisi ya uchaguzi si ndefu, lakini anasema alipita kila kona akitamani injini izime yenyewe, na injini, ambayo huzima bila sababu siku za mvua, siku hiyo ilinguruma vizuri. Alimfungulia mumewe mlango, akamshika kiwiko kupanda ngazi. Binti wa kaunta aliwapa fomu na kalamu. Arvo alisaini taratibu, herufi moja moja, mkono wa kulia ukiegemezwa na wa kushoto. Binti akailinganisha na rekodi, akasema asante, kura yako itahesabiwa.

Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja hospitalini, kwa sababu ilikuwa siku ya mashine.

Ndipo gazeti hili lilipowakuta. Arvo yuko kitini, mirija miwili myekundu ikienda na kurudi kutoka mkononi mwake, blanketi miguuni. Ana mpango wake. Gunnar akishinda, Arvo atahudhuria kila kikao cha bodi kisichogongana na siku zake za matibabu, safu ya mbele.

"Sitampigia kelele, ni ndugu yangu," anasema. "Lakini atakayenyoosha mkono kuiondoa hii mashine aunyooshe nikiwa nimekaa mbele yake, ananiona."

"Na akiunyoosha?" anauliza Lempi.

"Nitapanda basi lake."

Lempi anamtengenezea blanketi mabegani, mahali ambapo halikuwa na shida yoyote. Matokeo ya mwisho yatathibitishwa baadaye mwezi huu. Anapoulizwa anatarajia nini, anamwangalia kwanza mumewe aliyekwisha kufumba macho, halafu anajibu kwa sauti ya chini ili asimwamshe.

"Naomba kura ya mume wangu ihesabiwe," anasema. "Halafu naomba ishindwe."