Alama za Penseli za Mama Nekesa

Siku ile Mama Nekesa aliponiita nyumbani kwake mtaani Kangemi naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilienda na kiburi, nikarudi sina.

Nilikuwa programa mpya, mwandishi wa programu za kompyuta, katika ofisi moja katikati ya jiji. Mama Nekesa, jirani yetu, alikuwa na mbegu ya kuku aliyoachiwa na mamake, na walikuwa wamebaki matetea wawili wazee. Mayai yao aliyageuza kwa mkono asubuhi na jioni, vifaranga wasigande kwenye ganda. Mgongo ulipomshinda, nikamtengenezea mashine ya kutotolea, yenye kichipu kidogo cha kuhesabu sekunde na kugeuza mayai kila nusu siku. Programu niliiandika kwa lugha ya C, nikaijaribu kwenye kompyuta ya ofisini, ikakubali. Nikamwambia asiifungue, joto litatoka.

Siku ya saba akaifungua, akaniita. Kila yai alikuwa amelitia alama ya penseli, na alama zote zilikuwa bado juu.

"Msichana wangu, hii mashine haijageuza hata moja."

"Lakini Mama, kule ofisini ilifanya kazi!"

"Kule ni kwako. Mayai yako hapa."

Nilitamani ardhi inimeze. Sekunde nilikuwa nimeziweka kwenye namba ya aina ya int, yaani namba nzima. Lugha ya C haiahidi ukubwa mmoja wa int. Inaweka kiwango cha chini tu, mengine yanaamuliwa na mashine na kompaila yake, ile programu inayoitafsiria C. Kompyuta yangu iliipa baiti nne za kumbukumbu. Kile kichipu kiliipa mbili, ambazo haziwezi kupita 32,767. Nusu siku ni sekunde 43,200. Kila ilipofika 32,767, hesabu iliangukia chini ya sifuri na kuanza upya, na zamu ya kugeuza haikufika kamwe.

Mwishowe walitoka vifaranga watatu tu. Mama Nekesa hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Alinipa ile penseli, akaenda kuwatafutia maji.

Basi mwanangu, usidhani. Kabla ya kumkabidhi mtu kazi yako, iulize mashine yake yenyewe kwa sizeof, ambayo katika C hutaja baiti za kila aina, au tumia aina zinazotaja ukubwa wake waziwazi. Na mtu akikuambia haifanyi kazi, mwamini kwanza, ujitetee baadaye.

Mungu akupe kichwa chepesi na watu wa kukuambia ukweli. Wale vifaranga watatu walikuwa majogoo wote, bila tetea hata mmoja wa kuendeleza mbegu ile.