Ulimi wa Tecla

Tecla Chepkurui alilipwa mshahara kwa ajili ya ulimi wake. Kwa miaka ishirini na miwili, katika kiwanda kimoja cha majani chai nje ya mji wa Kericho, kila asubuhi alipita kwenye safu ya vikombe, akavuta chai kijikoni kwa mlio, akaisukasuka mdomoni, akatema. Kisha akaandika. Katika chumba cha kuonjea waliandika kwa Kiingereza, na wanagenzi waliona kila kitu ni "bitter", yaani chungu. Tecla aliwachachamalia.

"Bitter gani? Ya majani yamezeeka shambani? Ya kuungua kwa mashine? Ama ile poa, inashika ulimi halafu inaachilia, yenye wanunuzi wanataka? Wazungu wanaita bitter hata baridi kali, hata mtu wa kinyongo. Sasa ukiniandikia bitter peke yake, umeniambia nini?"

Mwaka jana homa ilimlaza wiki mbili. Alipoinuka, chai na maji vilikuwa kitu kimoja. Hakumwambia mtu. Nani angemweka mwonjaji asiyeonja? Akaanza kusoma rangi ya chai na kuchungulia uso wa msaidizi wake, na hadi hapo hakuwa amekamatwa. Nyumbani alikula kama anayejaza gunia. Aliona uchungu, aliona aibu.

Ikafika Jumamosi ya koito, siku ya posa ya bintiye Caren. Mursik, yaani maziwa ya mgando ya wakwe, huigandisha mama mwenyewe, ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kijiti chenye makaa. Kibuyu kikibaki na unyevu, maziwa huharibika, na mwanamke hukijua kwa kukinusa. Tecla alikinusa, akaridhika. Masikini, pua nayo ilikuwa imekwenda na ile homa.

Wageni wakamiminiwa. Baba wa kijana aliyekuja kuposa alipiga funda moja, akashusha kikombe polepole. Mkewe akajifanya anatafuta leso. Ephantus Wambugu, meneja wa kiwanda, aliyealikwa kwa heshima, alikunja uso, kisha akautengeneza haraka. Hakuna aliyethubutu kuisema vibaya mursik ya mwenye boma.

Tecla alidhani wanaona haya. Akajimiminia kikombe kizima, akakimaliza mbele yao.

"Kunyweni, jameni! Hii imetoka tamu kabisa."

Watu wakatazama chini. Caren akamwinamia sikioni, lakini boma lilikuwa kimya, na kila mtu alisikia.

"Mama, imeharibika. Ni chungu sana. Kwani husikii?"

Wambugu hakuwa akitazama kikombe tena. Alikuwa akimtazama Tecla.

"Mama Caren," akauliza taratibu, "tangu lini?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa amechoka.

"Tangu ile homa."

Wambugu akafuta midomo.

"Basi Jumatatu upitie kwa ofisi yangu kwanza. Kule kwa vikombe usiingie."