Marehemu wa Bandani

Mume wangu ni fundi bomba. Nyumba za mtaa mzima hazivuji kwa sababu yake. Kinachovuja ni gari lake. Alilinunua kwa bosi wake wa zamani, kuukuu la kuukuu, akalisukuma mpaka kwenye banda letu la mabati linalotazama barabara. Majirani wanaliita Marehemu. Yeye wanamwita Bwana Kesho, maana ukimwuliza litawaka lini, jibu lake ni hilo moja.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona chumbani, nimebanwa kati ya kitanda na kabati, na wateja wanajaribu nguo nyuma ya mlango huku wakigongwa na ndoo za wanangu. Banda lenye mwanga na mlango wa barabarani, kalala chuma. Jamani!

Mwaka huu nikachoka. "Baba Watoto," nikamwambia, "Jumamosi anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Gari likiwaka, libaki. Lisipowaka, alikate, nami niingize cherehani yangu."

"Litawaka. Tatizo ni pampu ya petroli tu."

"Mwaka juzi ilikuwa kabureta tu. Kabla yake, betri tu. Hiyo 'tu' yako imenizeesha."

Akacheka. Ndivyo alivyo: ukimsema anacheka, halafu anakwenda kulala chini ya gari.

Pampu yenyewe fundi wake wa magari alishaitangaza kuwa imekufa. Na spea za gari lile hazitengenezwi tena. Unachukua iliyokufa, unatembea nayo duka kwa duka, labda utapata pacha wake. Mume wangu alipoitoa tu, niliitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha kwa chini, kama ninavyotia sufuria na ndoo zangu zote. Kitu changu kikitoka nje nataka kijulikane. Akazunguka nayo kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Huku yao ilikuwa kubwa, kule bolti zilikataa, kwingine wakamwuliza kama hilo gari ni la makumbusho. Mwisho akamwachia muuza spea mmoja anayejiita Orijino, ili mzigo ukija alinganishe.

Ijumaa jioni huyo anarudi, meno yote nje.

"Mama Watoto, imepatikana! Orijino kaitoa mbali, kwa mtu aliyeitunza kabatini!"

Bei sitaitaja, presha niliyo nayo inanitosha. Nikaipokea. Imeoshwa, imepakwa rangi ya fedha, inang'aa. Nikaigeuza. Chini, pembeni ya tundu la bolti, rangi ya fedha haikufika vizuri, na nukta yangu nyekundu ikanikodolea.

"Hii ni pampu yako."

"Ndiyo, si nimeshalipa?"

"Ni yako tangu zamani, we mwanamume! Vaa viatu."

Tulimkuta Orijino anafunga duka.

"Karibu, shemeji."

"Ushemeji wako kaupeleke huko. Umemwuzia mume wangu pampu yake mwenyewe!"

Akaitazama nukta, wala hakushtuka. "Shemeji, nimetafuta mpaka nimechoka. Pampu ya gari hili mji mzima iko moja, na ndiyo hiyo. Ningefanyaje?"

"Ungesema hakuna!"

"Wewe hujamwona uso wake akija kuulizia. Lakini sikuwaibia hivihivi. Nimeifungua, nikatia mpira mpya ndani. Wa zamani ulikuwa umechanika."

Mume wangu, aliyekuwa kajificha nyuma yangu, akainua kichwa. "Yaani ilikuwa mpira tu?"

"Mpira tu."

Nilipoisikia ile "tu", nikanyosha kiganja. Nikamtapisha Orijino hela yetu, akabakiza ya mpira, tukarudi nyumbani.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma akafika na mkokoteni na mtungi wake wa gesi ya kukatia. Mimi nilishapima banda kwa futi yangu ya kushonea: meza ya kukatia vitambaa huku, cherehani pale penye mwanga. Mume wangu akakaza bolti ya mwisho, akaingia, akawasha. Kimya. Akawasha tena. Likakohoa.

"Anza na milango," nikamwambia mwenye gesi.

Mara ya tatu likanguruma. Moshi banda zima, mabati yanatetemeka, majirani wanapiga vigelegele kana kwamba kazaliwa mtoto. Mwenye gesi naye anapiga makofi! "Mama, hili mimi silikati. Kiumbe kizima hiki!"

Bwana Kesho akatoka nalo kwa honi, akapotelea kwenye kona. Moshi ukaisha. Nikabaki na banda tupu, mwanga umejaa mpaka ukutani. Nikaleta kigoda changu, nikakiweka katikati, nikakaa. Labda litamfia mbele huko, nikawaza, likose hata wa kulisukuma.

Honi ikalia mlangoni.

"Sogea, Mama Watoto, naliingiza!"

Nilisema libaki. Sikusema libaki wapi. Nikabeba kigoda changu.