Asubuhi Tulipoitafuta Mvua Juu ya Migori

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa rubani msaidizi katika kampuni ndogo ya ndege za kukodi jijini Nairobi. Nilikuwa mgeni kazini, hata sare yangu ilikuwa bado inanuka duka. Mara nyingi nilipangiwa safari na kapteni mmoja kutoka Mombasa, mtu mzima mwenye sauti ya chini, ambaye sikuwahi kumwona akikimbilia jambo lolote isipokuwa chakula.

Jumamosi moja bwana harusi mwenye uwezo wake alikodi ndege yetu ya injini mbili iwalete jamaa za mchumba wake Nairobi. Mashangazi watano tungewachukua Migori, kisha turuke hadi Homa Bay kumchukua nyanya ya bibi harusi. Ndoa ilikuwa ifungwe mchana huohuo, na tulikuwa tumeshaambiwa kwamba pasipo huyo nyanya hakuna ndoa.

Mashangazi walitungoja kiwanjani wakiwa na vitenge vya aina moja na kofia kubwa kubwa. Jamaa waliowasindikiza walijaa pembeni, wengine wamekaa nyasini wakinywa chai kwenye vikombe vya plastiki. Shangazi mkubwa, mama mnene mcheshi, alipoona ninaketi mbele alisimama mlangoni.

"Huyu msichana naye anaendesha?"

"Anaendesha vizuri," Kapteni alimjibu.

"Haya. Lakini wewe uwe karibu."

Aliketi kiti kilichokuwa mgongoni mwetu, na kwa kuwa ndege ile haikuwa na mlango kati ya marubani na abiria, safari nzima tulikuwa naye kwenye mazungumzo.

Toka Migori hadi Homa Bay kwa ndege ni mwendo mfupi sana. Tulikuwa tumeanza kushuka nilipoona moshi mzito umesimama juu ya ziwa kama nguzo. Nikasema labda kuna mtu anachoma nyasi ufuoni.

"Moshi hausimami hivyo," Kapteni alisema. "Wale ni wadudu wa ziwani."

Nilikuwa nimewasikia, vijidudu vidogo kama mbu visivyouma, vinavyotoka majini kwa mamilioni. Kapteni alipinda kulia kuizunguka ile nguzo. Tulifanikiwa kuikwepa, lakini mbele yake kulikuwa na wingu jingine jepesi, lililotandazwa chini na upepo, na hilo hatukuliona mpaka tulipokuwa ndani yake. Nilisikia mlio kama mchele unaomwagwa juu ya bati. Kioo cha mbele kikageuka rangi ya mboga iliyopondwa. Homa Bay ikapotea, ziwa likapotea, kila kitu kikapotea.

Kapteni aliongeza nguvu ya injini, akainua ndege na kuligeuzia ziwa mgongo, akitazama kupitia dirisha la ubavuni, ambalo halikuchafuka sana. Tulipofika juu penye hewa safi alikagua vipimo vya injini kimoja kimoja. Joto la injini ya kushoto lilikuwa limepanda kidogo, kisha likatulia.

"Sasa tuko salama," alisema. "Tuna mafuta ya kufika Nairobi na ziada. Nani anatuharakisha?"

"Bibi harusi," nilijibu.

Akacheka. "Huyo hayumo ndani ya ndege. Nipe mawazo yako, binti. Yote, hata ya kijinga."

Nilimwambia tunaweza kwenda Kisumu, kwenye uwanja mrefu. Akauliza Kisumu iko kando ya nini. Kando ya ziwa, nikasema, na nikaona mwenyewe kwamba huenda wadudu wako huko pia. Nikasema basi tuendelee moja kwa moja hadi Nairobi. Akaniuliza kama ningependa kuvuka milima na injini ambazo hatujui zimemeza nini. Sikupenda. Nikasema turudi Migori, ila hata huko tungetua bila kuona mbele.

"Hapo ndipo nilipofika na mimi," alisema. "Tunahitaji maji ya kuoshea kioo."

"Juu huku?"

Alinyoosha kidole dirishani. Mbali, upande wa vilima vya Kegonga, palikuwa na mvua ndogo, nyepesi, isiyo na radi, inaning'inia kama pazia. Miezi yote ya mafunzo nilikuwa nimefundishwa kuikimbia mvua. Huyu alitaka tuifuate.

"Kapteni," shangazi mkubwa aliita, "mbona Homa Bay imebaki nyuma?"

Kapteni aligeuza kichwa. "Mama, kioo kimechafuka. Tunakwenda kukiosha kwenye mvua, kisha tutarudi Migori tukague injini. Nyanya tutamchukua baadaye. Mtachelewa, lakini mtafika."

Shangazi mmoja alianza kuomba kwa Kijaluo. Shangazi mkubwa akamkatiza: "Ngoja kwanza, ametuambia ukweli. Kapteni, osha kioo. Harusi bila sisi itaanzaje?"

Nilishukuru sana kwa maneno yale. Mpaka leo naamini abiria wakiambiwa jambo lilivyo, mzigo wa rubani unapungua nusu.

Tuliingia pembeni mwa ile mvua, tukatoka, tukaingia tena. Mwanzoni uchafu ulilainika tu na kutengeneza uji. Mara ya tatu ukaanza kuteleza kwa vipande. Mashangazi walikuwa wamesahau hofu, wakawa wanashangilia kila kipande kilichotoka, kama watu walio mpirani. Upande wa Kapteni ulibaki na ukungu wa mafuta ya wadudu. Kwangu palifunguka nafasi safi, kubwa kama sinia.

Kapteni aliinama kuja upande wangu, akatazama nje, akarudi kitini.

"Wewe unaona. Mimi sioni. Basi ndege ni yako."

"Si afadhali ujaribu kutumia dirisha la ubavuni?"

"Ningeweza, kama ningekuwa peke yangu. Lakini nina mwenzangu mwenye kioo safi. Mimi nitakusomea mwendo."

Niliushika usukani. Nikasikia nyuma yangu mtu akivuta pumzi, na nilijua ni nani. Tulipita kwanza juu ya kiwanja cha Migori kutazama. Wale wasindikizaji walikuwa bado wapo, chai haijaisha, na walipotuona chini hivyo walikimbia pembeni. Njia ilikuwa wazi. Nilizunguka, nikaipanga ndege, Kapteni akinisomea mwendo polepole. Tuligusa ardhi, tukaruka kidogo, tukagusa tena na kukaa.

Vigelegele vilivyopigwa ndani ya ndege ile sijavisikia tena popote. Shangazi mkubwa alinipiga bega mpaka kofia yake ikaanguka mapajani mwangu.

"Nyathina!" aliniita, mwanangu. "Na mimi nilikukataa mlangoni!"

Nje, jamaa walitujia mbio. "Mmesahau nini?"

"Sabuni," Kapteni aliwajibu.

Sabuni ikaletwa kweli, na ndoo za maji kutoka nyumba za karibu. Kapteni alikunja mikono ya shati lake jeupe akafungua vifuniko vya injini. Vichujio vya hewa vilikuwa vimejaa wadudu, akavisafisha kimoja baada ya kingine. Mama mmoja alikinga beseni chini ya bawa, akakusanya wadudu wote tuliokwangua, akisema kuku wake hawajawahi kula chakula kilichotoka mbinguni. Kapteni aliwasha injini, akazisikiliza kwa muda mrefu, akaridhika. Wakati huo jamaa mmoja alikuwa amekwenda mjini kupiga simu ya dukani, akaambiwa na watu wa Homa Bay kwamba upepo umelisukuma lile wingu mbali, katikati ya ziwa.

Tuliporuka tena tulipita mbali na ziwa, tukakifikia kiwanja cha Homa Bay kutoka upande wa nchi kavu. Nyanya alikuwa amesimama wima na mkoba wake, kuku mwekundu chini ya kwapa. Alikuwa amekasirika.

"Niliwaona mkija," alimwambia Kapteni, "halafu mkageuka mkakimbia. Ni huyu kuku mlimwona? Mngesema tu, ningemwacha."

Mashangazi walicheka mpaka wakashikana. Kapteni alimpokea kuku kwa mikono miwili, akamfunga vizuri kwenye kikapu, akamwekea nafasi nyuma ya viti.

Nairobi tulifika alasiri. Gari la maharusi lilikuwa likitungoja, na bwana harusi alikuwa ameketi kwenye ngazi za jengo la uwanja, tai imelegea. Bibi harusi alishuka garini bila kuuliza habari za kuchelewa, akamkumbatia nyanya yake akalia, wakaingia garini. Shangazi mkubwa alitushika mikono mimi na Kapteni, akakataa kabisa kutuacha. Kwa hiyo tulikwenda harusini na sare zetu zilizorowa maji ya sabuni, tukaketishwa meza ya upande wa bibi harusi, na Kapteni akala sahani tatu za pilau.