Kompyuta ya Vichwa Viwili

Jamani, mmeshawahi kuona mashine yenye vichwa viwili, kimoja kinachemka na kingine kimelala fofofo?

Mimi ninayo. Iko mezani kwangu mpaka leo, na kila nikiiangalia napandwa na hasira.

Baba alikuwa anapoteza macho. Daktari alishasema hakuna dawa, yatazima tu. Baba akaniomba kitu kimoja: amwone marehemu mama kwa mara ya mwisho.

Video ya mama ilikuwa moja tu, ya harusi yao. Mkanda wa zamani, chenga tupu, sauti ilishakufa.

Kuhariri video ndiyo kazi yangu. Nikasema hii nitaisafisha. Ila kompyuta yangu ilikuwa inajikokota, nikampa muuzaji mmoja kamera yangu niliyoipenda, naye akanipa kompyuta nyingine.

"Hii ina prosesa mbili, kaka! Vichwa viwili! Kasi mara mbili!"

Nikaingia mkenge.

Programu ya kusafisha ikaenda polepole vilevile, wiki baada ya wiki. Dada yangu anachungulia: "Bado?" Bado. Baba naye sebuleni: "Vipi, mwanangu?"

"Karibu, baba."

Karibu gani? Nilikuwa namdanganya mzee wa watu.

Nikampigia fundi, nikamweleza mpaka habari ya macho ya baba. Akacheka, halafu akaacha ghafla.

"Hiyo programu inamaliza picha moja ndipo iguse inayofuata. Inatumia kichwa kimoja, cha pili kimekaa bure. Ungeikata video vipande viwili ukafungua programu mara mbili, kila kichwa kingeshika chake. Faida iko hapo."

"Nikate sasa?"

"Imebaki kiasi gani?"

"Kidogo."

"Basi, iache imalize."

Kumbe kitu chenyewe kidogo hivyo! Nilitamani kulia.

Ilipoisha, dada akamshika baba mkono, akamkalisha mbele ya skrini.

"Ee Mungu wangu," baba akasema, anatabasamu. "Mama yenu alikuwa mzuri, jamani. Mwoneni anavyocheka."

Dada akanigeukia, machozi yanamtoka.

Skrini nilikuwa bado sijaiwasha.

Wala sikuiwasha. Nikasema, "Kweli baba, alikuwa mzuri."

Ndugu yangu, ukiuziwa vichwa viwili, uliza kwanza kama kazi yako inagawanyika.

Yangu ilikuwa inagawanyika. Nimejua wakati hakuna tena macho ya kuitazama.