Maski Iliyoanikwa Bila Kuvaliwa

Nakumbuka asubuhi moja nilipokuwa nikiuza mandazi soko la Jebel hapa Juba, mwanangu Lado, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Hasira ya kwanza ni juu yangu mwenyewe. Ya pili ni juu yako, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikuite hapa Munuki, nikukalishe kwenye kiti hiki, na nikuwekee mbele yako mkoba wa mashine nilioukuta jana chini ya kitanda chako, una vumbi la wiki tatu. Weka simu chini. Mimi ni dada ya baba yako, na leo nitasema mpaka nimalize.

Jana ulisinzia kwenye boda ukiwa umempakia Keji, mtoto wako wa miaka sita, unampeleka shule. Boda ikaacha barabara ikaingia kwenye meza ya nyanya ya mama wa watu. Keji amechubuka mkono tu, nawe ukaniambia, "Ni bahati, Shangazi." Bahati gani hiyo? Daktari alikueleza wazi kwamba pumzi yako hukatika mara nyingi ukiwa usingizini, ndiyo maana usiku unakoroma na mchana unasinzia. Akakupa mashine ya kukupulizia hewa. Ukaivaa siku tatu, ukaisukuma chini ya kitanda, na ulipoulizwa ukasema, "Hii mashine haipatani na mimi." Nami niliwahi kusema hivyo moyoni, halafu nikafanya ubaya kuliko wako.

Wakati huo ndiyo kwanza tumerudi kutoka Kitale, nilikokulia na kuolewa. Nilikuwa bado na nguvu zangu, na kiburi changu pia. Kabla hatujasafiri, baba yako alinipeleka hospitali Nairobi, wakanipima nikiwa nimelala, wakanikuta na ugonjwa huu huu. Kumbe unatembea kwenye ukoo wetu. Nikapewa kisanduku cha kupuliza hewa, mpira mrefu, na maski ya kufunika pua yenye mikanda ya kuzunguka kichwa. Nesi aliandika namba yake ya simu juu ya kisanduku, akaniambia, "Mama, wiki za kwanza zitakusumbua. Jambo lolote likikushinda, nipigie." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu aliyesikia.

Nilijaribu siku nne. Hewa ilivuja pembeni ya maski ikanipiga machoni, nikakaza mikanda. Ikavuja tena, nikakaza zaidi, mpaka ngozi ya juu ya pua ikachubuka. Pua ilikauka, koo likawasha, na hewa ilipoongezeka nguvu nikahisi kama mtu ananikaba. Siku ya tano nikaivua, nikarudi kwenye kukoroma kwangu.

Sasa sikia ujinga wa shangazi yako. Niliona aibu kusema nimeshindwa, maana baba yako alihangaika sana kuipata mashine ile. Kwa hiyo kila asubuhi nilitoka na maski, nikaiosha kwa sabuni mbele ya watu wote wa uani, nikaianika kwenye kamba ya nguo. Majirani wakasema huyu mama anajali afya yake kweli, nami nikatabasamu. Mwezi mzima nikaosha maski isiyovaliwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hiyo methali nilikuwa nikiwaambia wenzangu kanisani bila hata kupepesa jicho.

Basi asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa mbele ya karai la mafuta sokoni, nageuza mandazi, usingizi ukanichukua nimeshika kijiko. Nilichohisi baadaye ni mkono ukinivuta kwa ukosi wa gauni, nikaanguka chali. Mandazi yalikuwa yameungua yote, na ncha ya mkono wa gauni langu ilikuwa imeshazama kwenye mafuta ya moto. Aliyenivuta ni Habuba Poni, bibi aliyeuza lulu, yale mafuta yetu ya kujipaka, kwenye meza iliyo jirani na yangu. Tuliishi naye ua mmoja. Kiswahili chake alikiokota ukimbizini Uganda, kwa hiyo usinicheke nikikisema kama alivyokisema.

"Ya biniya, wewe iko nakufa hapa," aliniambia, kama anayemwita binti yake. Hakupaza sauti. "Ile mashine ya kaka yako iko nafanya kazi gani?"

"Naitumia, Habuba. Si unaiona maski kwenye kamba kila siku?"

"Maski naona. Iko naoga kuliko mimi. Lakini uso yako? Ile siku nne ya kwanza uso yako ilikuwa na mistari, kama mtu amelala juu ya mkeka. Halafu mistari ikapotea, maski ikabaki naoga. Mimi iko mzee, si kipofu."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nani alimtuma ahesabu mistari ya uso wangu? Lakini mkono wa gauni ulikuwa unadondosha mafuta, nikainama kuzima moto.

"Kalas, imetosha," akasema. "Funga hiyo meza. Utavaa hiyo kitu sasa hivi, mchana, na mimi naangalia."

Tukarudi nyumbani. Nikawasha mashine uani, nikavaa maski, hewa ikanipiga machoni kama siku zote, mkono wangu ukakimbilia mikanda. Habuba akanipiga mkono. Kisha akapitisha kidole shavuni mwangu, akakitazama, akakinusa.

"Hii ni lulu yangu."

"Ndiyo. Najipaka kila siku kabla ya kulala. Na kwenye kidonda cha pua naongeza."

Hapo ndipo nilipomwona amekasirika hasa. "Mimi nauza mafuta miaka yote," alisema. "Kila chupa, kabla ya kufunga, napanguza mdomo yake na kitambaa. Wewe umekaa karibu na mimi, umeona. Ulifikiri mimi nacheza? Mdomo ikiwa na mafuta, kifuniko nateleza, mali yote namwagika kwa njia. Ukikaza kwa nguvu, kifuniko napasuka. Sasa wewe unapaka mafuta, unakaza, unapasua pua, halafu unapaka mafuta tena. Hiyo ni akili?"

Haikuwa akili, mwanangu. Alininawisha uso kwa sabuni kama mtoto, akanipangusa, akaniambia niishike maski vizuri kwanza kisha nivute mikanda taratibu tu. Hewa ikaacha kuvuja. Nikatulia pale kitini nikiona haya kwa jambo dogo namna ile. Halafu akaichukua simu yangu, akanyoosha kidole kwenye namba iliyoandikwa juu ya kisanduku, akasema, "Piga."

Nesi alipokea mara moja. Alinikumbuka hata jina. Hakunikaripia, na hilo liliniumiza kuliko ukali wa Habuba, kwa sababu mwezi mzima nilikuwa natafuta kifo na msaada ulikuwa kwenye kisanduku changu mwenyewe. Akanieleza kwamba mikanda hurekebishwa mtu akiwa amelala na mashine ikipuliza, maana uso wa kukaa si uso wa kulala. Akanielekeza kwenye kitufe cha kuanza na hewa kidogo inayopanda polepole, ambacho sikuwahi kukigusa. Kwa ukavu wa pua akaniambia nitie maji kwenye kitanki cha mashine, yaliyochemshwa yakapoa, na kuyamwaga kila asubuhi. Na akaniambia niizoee mashine mchana, nikiwa macho, nafanya kazi za kawaida. Basi nikawa nachambua maharage uani na maski usoni, watoto wa jirani wakaniita ndovu. Waliniita hivyo wiki mbili. Bandu bandu huisha gogo, nami wiki ya tatu nililala mpaka asubuhi, nikaamka kichwa chepesi, na tangu hapo sijasinzia tena mbele ya moto.

Sasa tuje kwako, na usinikate maneno. Unajipaka lulu kwenye mashavu na hizo ndevu unazozipenda kuliko kazi. Nawa uso kwa sabuni kabla ya kuvaa, ndevu uzipunguze pale maski inapokaa. Ukiona inavuja, usikaze kama unafunga mzigo kwenye boda, ilegeze uipange upya ukiwa umelala. Mke wako ananiambia unalala mdomo wazi, asubuhi ulimi umekauka. Hilo mwambie nesi, kuna maski za kufunika pua na mdomo pamoja. Umesema unakabwa. Tafuta kile kitufe, kisha uivae mchana ukitazama mpira wako wa Ulaya, dakika chache leo, kesho zaidi. Nguvu ya hewa usiibadilishe mwenyewe, hiyo ni kazi ya waliokupima. Chujio lioshe au libadilishe walivyokuelekeza, maana vumbi la Juba halimwonei mtu huruma. Na usinitajie umeme. Betri ya sola inayochaji simu za mtaa mzima haishindwi kukupa wewe pumzi, waulize tu namna ya kuiunganisha. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuona shida, ukainyamazia, ukaisukuma chini ya kitanda.

Nimekasirika, ndiyo. Nimekasirika kwa sababu Habuba Poni tumemzika, na sina tena mtu wa kukutazama usoni kama alivyonitazama mimi. Nimebaki mimi tu, na macho yangu yameanza kuchoka. Lakini ufunguo wa boda yako ninao hapa, nimeuchukua kwa mke wako kwa ruhusa yake. Keji atatembea kwenda shule, nami nitamshika mkono mzima, ule usiochubuka, mpaka siku utakayokuja hapa asubuhi nikaona alama za mikanda mashavuni mwako, na si za siku moja, na daktari akasema sasa unaweza kuendesha. Usijaribu kuniletea maski iliyooshwa. Mchezo huo niliucheza kabla yako.

Chukua mkoba wako. Mungu wa baba yako akutunze, mwanangu. Akupe pumzi isiyokatika mpaka kuche, na kukicha akuamshe na mistari usoni.